Leza usoni baada ya saratani

Dada, umeuliza kama leza ya kulainisha ngozi ya uso inaweza kuirudisha saratani ya titi uliyomaliza kutibiwa. Mwanga huo si sawa na mionzi ya tiba. Hauharibu vinasaba kama ile. Ninachokihofia mimi ni kingine: doa lolote jipya lichunguzwe kwanza, maana leza ikifuta rangi yake, daktari atakosa cha kuona. Mwulize pia kuhusu dawa unazomeza, baadhi huifanya ngozi iungue upesi kwa mwanga. Kama ngozi yako ni nyeusi, leza ya nanomita 1064 (huo ni urefu wa wimbi la mwanga wake) haiachi madoa kirahisi. Na ule woga unaokunyima usingizi kila kipimo kikikaribia, mweleze; waliopona wengi wanao, na leza haiutibu.