Mama Nesi anajibu: Vepu umeiacha, mbona moyo unakwenda mbio?

Wiki mbili zilizopita niligusia kwa mistari michache habari ya vijana wanaovuta vepu, hizi sigara za umeme zinazonukia embe na mnanaa. Nilitegemea maswali ya mapafu. Wapi! Karibu wote walioniandikia wameshaacha au wamo mbioni kuacha, na kinachowanyima usingizi ni wasiwasi. Nimechukua maswali saba. Majina nimeyaficha.

Shikamoo Mama Nesi. Nina miaka 23, naishi Chumbageni, hapa Tanga. Leo siku ya nne sijavuta vepu. Moyo unakwenda mbio hata nikiwa nimekaa, viganja vinatoka jasho, na jana nilishuka kwenye daladala kabla ya kufika kwa sababu nilihisi nakufa. Nilikuwa navuta ili nitulie. Sasa nimeacha ndiyo nachanganyikiwa. Nirudie kidogo kidogo?

Marahaba mwanangu. Usirudie, maana pale pabaya kuliko pote umeshapapita na hujui.

Nikotini ukiivuta inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20. Baada ya saa mbili hivi, nusu yake imeshatoka kwenye damu, na ubongo uliozoea unaanza kudai. Kudai kwenyewe ndiko huko unakokusikia: roho juu juu, hasira za karibu, mwili kukosa pa kutulia. Unavuta, unatulia, unasema vepu inanituliza. Ni mikopo ya kausha damu hiyo. Unakopa leo kulipa rejesho la jana, halafu unamshukuru aliyekukopesha kwa kukusaidia.

Na vepu ina ubaya wake ambao sigara haina. Sigara huisha, ukakitupa kichungi, ukaendelea na shughuli zako. Vepu haina mwisho. Inalala chini ya mto, inaingia msalani, mtu anaonja kila baada ya dakika chache tangu alfajiri. Kwa hiyo mwili wako haukuwahi kujifunza kukaa hata nusu saa bila kupewa. Ndiyo maana kelele zake ni kubwa.

Arosto ya nikotini, yaani huko kudai kwa mwili ulionyimwa ulichozoea, huanza siku ile ile ya kwanza, hupanda sana siku ya pili na ya tatu, kisha huteremka. Kwa wengi inachukua wiki mbili hadi nne kumalizika. Haishuki kama ngazi. Kuna siku utaamka mzima kabisa, kesho yake ikurudie. Lakini kila hamu moja moja ni mgeni wa Tanga, waja leo waondoka leo: ikikushika, kwa kawaida haizidi dakika tano, kumi ikikaidi.

Sasa la daladala. Likikukuta tena, usishuke. Ukishuka, mwili unaandika kwamba daladala ni hatari, na kesho utaogopa hata kituo. Kaa dirishani. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi nne, itoe polepole mdomoni ukihesabu hadi sita au saba. Siri iko kwenye kutoa, si kwenye kuvuta. Watu wengi wakiambiwa "vuta pumzi" wanazivuta tu mpaka wanapata kizunguzungu. Ukishatoa mara kumi, anza kuhesabu baiskeli unazopishana nazo. Kwa mji huu hutakosa za kuhesabu.

Mwaka 2014 watafiti wa Uingereza walikusanya tafiti 26 za watu walioacha sigara, wakawalinganisha na walioendelea kuvuta. Baada ya wiki sita na kuendelea, walioacha ndio waliokuwa na wasiwasi mdogo. Ilikuwa sigara, si vepu, lakini mdai ni yule yule, nikotini.

Nikutahadharishe mambo mawili. Maumivu ya kifua yanayobana, kupumua kwa shida au kuzimia usiyabebeshe arosto: nenda hospitali ya Bombo siku hiyo hiyo. Na homa pia si arosto. Ukisikia homa kapime malaria.

Mama, mimi ni bodaboda, kijiwe chetu kiko Ngamiani. Nina wiki ya pili tangu niache. Nikinywa kahawa tu mikono inatetemeka na hamu inapanda. Wenzangu wanasema kahawa na nikotini ni ndugu, niache vyote. Kweli?

Mgosi, nikikuambia uache kahawa yote nitakuwa mnafiki, maana naandika haya birika likiwa pembeni yangu.

Wenzako wana nusu ya ukweli. Moshi wa sigara, moshi wenyewe na wala si nikotini, hulifanya ini livunje kafeini haraka. Mvutaji akiacha sigara, kafeini ile ile inakaa mwilini muda mrefu zaidi, na vikombe viwili vinamfanyia kazi ya vinne. Lakini vepu haichomi tumbaku, haina moshi huo. Kwa hiyo kama ulikuwa unavuta vepu peke yake, nguvu ya kahawa yako haijabadilika. Mwenye moto mwingi ni wewe, na kahawa inachochea. Kama ulikuwa unachanganya na sigara, punguza kahawa iwe nusu kwa mwezi huu. Vyovyote vile, ikifika saa nane mchana funga.

Halafu niambie ukweli: ni kahawa tu, au na enaji? Kopo dogo la mililita 250 mara nyingi lina kafeini kama miligramu 80. Nawajua nyie, mchana mnapiga mawili, jua la Tanga juu ya kofia ngumu, tumbo tupu. Hata mtu asiyewahi kuona vepu angetetemeka. Kula kwanza.

Kuna jambo jingine ambalo wenzako hawakulitaja, nalo ni mkono. Mkono mmoja umeshika kikombe, mwingine unatafuta. Mzee wangu, Mungu amrehemu, alipoacha sigara alibaki na kiberiti kwenye mfuko wa shati. Hakuwasha hata njiti moja. Akikaa barazani anakitoa, anakitikisa sikioni, chaka-chaka, anakirudisha. Mimi jikoni naulizia kiberiti nyumba nzima, kumbe kiko naye. Miezi miwili tuliishi hivyo, na nilikuwa nikiudhika kweli. Leo ningemnunulia bunda zima. Wewe tafuta chako: kashata, tasbihi, funguo za pikipiki, chochote kisicho na moshi.

Dada, mie ni mzazi wa Sahare. Mwanangu wa kiume wa miaka 19 amebadilika. Halali, anagombana na dada zake, juzi alilia kwa sababu ya ndala kukatika. Nikifua suruali yake nilikuta kitu kama flashi, akaniambia ni vepu na ameshaacha. Shemeji yangu anasema kijana karushiwa kitu, tumpeleke kwa mtaalamu. Nifanyeje?

Dada yangu, pole. Kabla ya mtaalamu yeyote, muulize kijana swali moja: uliacha lini? Kisha hesabu. Kama kisirani kilianza siku moja au mbili baada ya tarehe hiyo, jibu unalo, na halijarushwa na mtu.

Kombe na dua sina ugomvi navyo, nimelelewa navyo. Ninaogopa mambo mawili. Moja ni dawa za kunusa na kunywa ambazo hakuna anayejua zimechanganywa na nini. La pili ni kubwa zaidi: huyu kijana anafanya kazi ngumu, peke yake, kimya kimya. Ukimwambia amerogwa umempokonya kazi yake ukamkabidhi jirani. Ataona hakuna analoliweza.

Halafu tazama: alikuambia ukweli. Angeweza kusema ni flashi, na ungeamini. Kwa hiyo usimpekue mifuko tena, na baba yake asilipeleke jambo hili barazani. Asubuhi muulize tu, "Leo siku ya ngapi?" Akisema ya tisa, mwambie hongera, mpe chai, usihutubu. Atakuwa na njaa isiyo ya kawaida, maana nikotini hukata hamu ya kula na ikiondoka njaa hurudi na madai yake. Basi mihogo na machungwa visikosekane. Usingizi utakatika na ndoto zitakuwa za ajabu kwa wiki chache. Dada zake waambie wamvumilie, lakini matusi hapana. Arosto si kibali cha kutukana watu.

Akisema hata kwa utani kwamba hataki kuishi, usimwache peke yake. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Vepu nimeacha, lakini roho ikinibana si naweza kuvuta shisha wikiendi tu?

Shisha ni tumbaku, tena juu ya mkaa. Umemkimbia mkopeshaji mmoja ukaenda kukopa kwa kaka yake. Na serikali iliipiga marufuku tangu 2016, ikiwa hilo linakuhusu. Tuendelee.

Assalaam alaykum Mama. Ramadhani iliyopita nilifunga siku zote, mchana sikuwa na shida kubwa, lakini nikishafuturu tu nilirudi kwenye vepu. Inakuwaje niweze saa 13 halafu nishindwe dakika kumi?

Waalaykum salaam. Swali lako nimelipenda kuliko yote, maana umejifanyia utafiti mwenyewe.

Mchana uliweza kwa sababu mlango ulikuwa umefungwa kwa nia. Hukuwa unajadiliana na nafsi yako kila dakika: nivute, nisivute, kidogo tu. Wasiwasi mwingi wa anayeacha unatoka kwenye mjadala huo. Adhana ya magharibi ikilia mlango unafunguka, na mjadala unaanza pale pale kwenye tende.

Lakini angalia hasara uliyopata. Kila siku ulibeba sehemu nzito, zile saa za alasiri ambazo watu wanakwepana sokoni kwa sababu saumu imewapanda kichwani, halafu jioni ukaimwaga. Kesho yake ukaanza tena siku ya kwanza. Hukushindwa kuacha, bwana. Umeacha mara thelathini.

Kwa hiyo safari ijayo, ukisha nuia daku, nuia na nusu saa ya baada ya futari, maana hiyo ndiyo yenye vita. Ipangie kazi: mswaki mara tu baada ya uji, kisha miguu hadi msikitini kwa njia ya mbali, na vepu isiwepo nyumbani kabisa. Usiniambie iko kabatini kwa ajili ya kujipima imani.

Zipo pia nikotini za dawa, bandiko la ngozi na ubani wa kutafuna, zinazotoa nikotini kidogo kidogo na kupunguza makali wakati unajiondoa. Shirika la Afya Duniani liliziingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2009. Ulizia kwa mfamasia, si duka la kila kitu. Ubani mchana wa Ramadhani usijidanganye. Habari ya bandiko mpelekee sheikh wako, hiyo si fani yangu.

Mama Nesi, mimi ni mfanyakazi wa ofisini, miaka 31. Nina wiki ya nane bila vepu na sijateleza. Lakini naamka saa tisa usiku moyo ukidunda, nawazia kazi, wazazi, kila kitu. Nikikumbuka, hata nikiwa sekondari nilikuwa hivi. Itaisha lini?

Mwanangu, hiyo yako si arosto tena. Wiki nane nikotini imeshaondoka na madai yake. Ulilonalo lilikuwepo kabla ya vepu. Vepu ilikuwa shuka tu juu yake, na sasa shuka limetolewa. Usidhani kuacha kumekuharibu.

Wasiwasi wa namna hiyo una tiba. Hospitali ya rufaa ya mkoa pale Bombo, ukifika, sema wazi kwamba unataka kumwona mtu wa afya ya akili. Kabla hujaenda, andika kwenye daftari kwa wiki moja: umeamka saa ngapi, ulikula nini, uliwaza nini kwanza. Karatasi hiyo itamsaidia daktari kuliko "nina mawazo", maneno tuliyokuwa tunayasikia mara arobaini kwa siku. Tiba inaweza kuwa mazungumzo, inaweza kuwa dawa, inaweza kuwa vyote viwili. Usinunue vidonge vya usingizi dukani bila cheti. Vingine navyo vina arosto yake, tena kali kuliko uliyoimaliza.

Najua unaogopa kuonekana kwenye lile benchi, Tanga ni ndogo. Nikuambie nilichokiona kwa miaka mingi: kila aliye kwenye benchi anaangalia chini akiomba wewe usimtambue.

Nimebakiwa na vepu mbili, moja haijaisha. Nizitupe wapi? Nisimpe rafiki?

Rafiki usimpe. Jalalani usitupe, na kwenye moto wa takataka uani ndiyo kabisa, zina betri ya lithiamu kama ya simu na ikipata moto inalipuka. Ile yenye maji usiifungue. Nikotini hupenya hata kwenye ngozi, na mtoto akiyaonja yale maji ya harufu ya embe ni sumu. Zitie kwenye kopo lenye mfuniko, liweke juu mbali na watoto, kisha muulize fundi simu wako anakopeleka betri zilizovimba. Fanya leo, kabla ya magharibi.