Muulize Fundi wa Trekta: Baridi ya Mau Narok na hita ya kutoka Kanada

SWALI: Fundi, habari za kazi. Tuna Massey Ferguson 290, tunalima ngano na viazi huku Mau Narok. Mwezi wa saba asubuhi haitaki kuwaka. Dereva hupiga stata mpaka betri ichoke, moshi mweupe unatoka tu. Siku nyingine anaiwekea jiko la makaa chini ya injini. Ikizimwa mchana inawaka mara moja. Kijana wangu aliye Kanada anasema kule hufunga hita ya umeme ndani ya injini, na anataka kunitumia moja. Niikubali?
– Mama mkulima, Mau Narok

JIBU: Mama, kabla ya hita, hilo jiko liondoke leo. Chini ya injini kuna oili iliyoganda kwenye sampu (bakuli la oili), mipira, na dizeli inayodondoka. Tone moja linatosha. Na kama banda limefungwa, hewa ya makaa itamuua dereva kabla trekta haijawaka. Nakuomba sana.

Maelezo yako yamenisaidia. Moshi mweupe maana yake dizeli inafika kwenye silinda ila haiungui. Dizeli haina plagi ya cheche. Huwashwa na joto la hewa iliyobanwa. Chuma kikiwa baridi, joto hilo linaliwa na kuta za silinda. Kwa kuwa mchana inashika mara moja, sidhani ringi za pistoni zimekwisha.

Injini yako ni Perkins ya silinda nne, nayo ilitoka kiwandani na dawa yake ya baridi: Thermostart, kile kidude cha kuwashia kilichofungwa kwenye manifoldi ya hewa (bomba linaloingiza hewa kwenye injini), chenye waya mmoja na kibomba chembamba cha dizeli. Kinawasha moto mdogo unaopasha hewa inayoingia. Matrekta mengi ninayoletewa hapa Nakuru, waya wake umekatwa au kibomba kimezibwa, na mwenyewe hajui kama kipo. Fundi apime kama umeme unafika na dizeli inafika. Kisha dereva ashikilie ufunguo kwenye nafasi ya kupasha kwa sekunde 15 hadi 20 ndipo apige stata. Asipulizie etha (dawa ya kopo ya kuwashia injini) kamwe kwenye injini yenye kifaa hiki. Inaweza kulipukia kwenye manifoldi.

Angalia na oili. Wengi huku wanatumia SAE 40 tupu, ambayo asubuhi ni nzito mno kwa stata. Weka 15W-40. Safisha vichwa vya betri, na waya wa athi unaofungwa kwenye chasisi usiwe na kutu.

Ukifanya hayo na bado unaitaka hita, si vibaya. Injini yenye maji ya vuguvugu huwaka kwa upole, na stata na betri hudumu. Lakini usipokee ile ya Kanada. Umeme wao ni volti 120, wetu ni 240. Ukiichomeka hapa itavuta nguvu mara nne ya ile iliyoundiwa, na itaungua. Tafuta ya volti 240.

Kuifunga si kazi ya haraka. Injini ipoe, maji yote yamwagwe. Ubavuni mwa bloku kuna vifuniko vya bati vya mviringo vilivyogongelewa. Kimoja hutolewa na hita hukaa pale. Pima tundu kwa venia (kipimo cha upana wa tundu) kabla ya kununua, maana saizi hutofautiana. Tundu lisuguliwe kutu yote, na ule waya wa joto usiguse chuma cha ndani. Ukijaza tena, weka kulanti (dawa ya rejeta) iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi, utoe hewa, uwashe injini ipate moto, uzime, ujaze tena, uangalie kama panavuja. Usiichomeke hita kamwe ikiwa kavu, bila maji kwenye injini. Itaungua papo hapo. Kebo ipite mbali na egzosi na feni, na soketi iwe na athi.

Haina haja ya kukesha ikiwaka. Ya wati 1,000 ukiiwasha saa kumi alfajiri, saa kumi na mbili imekula yuniti 2 za stima, na dereva anaingia shambani. Achomoe kebo kwanza.