Bustani ya hospitali si anasa

Ndugu, umeuliza kama miti na bustani hospitalini si anasa ya nchi tajiri. Hospitali ya Butaro, iliyofunguliwa mwaka 2011 katika Wilaya ya Burera, kaskazini mwa Rwanda, inakujibu vizuri. Wasanifu wake, MASS Design Group, walizingatia kwamba korido zilizofungwa, ambamo wagonjwa hujazana wakisubiri daktari, hurahisisha maambukizi ya kifua kikuu, hivyo wakaziweka njia na sehemu za kusubiria nje, kandokando ya bustani. Ndani ya wodi, vitanda vimepangwa vichwa vikielekea ukuta mfupi wa katikati, ili kila mgonjwa atazame dirisha na vilima badala ya kumkodolea macho mgonjwa mwenzake. Kuta zimejengwa kwa mawe ya volkano ya eneo hilohilo, yaliyochongwa na mafundi wa huko, na kazi yao ni nzuri ajabu.

Kuhusu kuona kijani, mtafiti Roger Ulrich alichapisha mwaka 1984 utafiti wa wagonjwa 46 waliopasuliwa mfuko wa nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani: waliolazwa penye dirisha lililoelekea miti waliruhusiwa mapema zaidi na walihitaji dawa kali za maumivu kwa uchache kuliko walioona ukuta wa matofali. Utafiti huo ni mdogo, kwa hiyo mimi ningeanza na hoja ya hewa na maambukizi: dirisha kubwa na kivuli cha mti havizimiki umeme unapokatika.