Mnaoniomba linki ya ufadhili, someni hapa kwanza

Wiki iliyopita kijana mmoja wa mwaka wa kwanza kaniandikia: "Shikamoo dada, naomba linki ya ufadhili, ada imenikaba." Hakutaja anasoma nini, yuko chuo gani, wala matokeo yake yakoje. Na si yeye peke yake. Tangu niweke picha zangu za mahafali, inboksi imejaa ujumbe wa namna hiyo. Sikasiriki. Ada najua inavyokaba, na aliyekabwa hana nafasi ya kutunga maelezo marefu. Ila jibu langu ni refu, kwa hiyo naliandika hapa mara moja, kwa ajili ya wote wenye kiu ya kumaliza shahada kama niliyokuwa nayo.

Kwanza, majina mengi mnayotumiana kwenye magrupu hayawahusu. Chevening ya Uingereza ni ya shahada ya uzamili, tena wanataka uwe umeshafanya kazi saa 2,800. Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya ni uzamili. Rhodes, ile ya Chuo Kikuu cha Oxford, unaomba ukiwa unamaliza au umemaliza shahada ya kwanza. Nimeona watoto wa mwaka wa kwanza wanakesha kujaza fomu hizo, wakikataliwa wanasema wana mkosi. Mkosi gani? Hawakusoma masharti.

Za nje zilizo za ngazi yenu zipo. Türkiye Bursları ya Uturuki kwa kawaida hufunguliwa Januari 10 na kufungwa Februari 20. Kuomba ni bure, wanalipa ada, malazi, bima na posho, pamoja na mwaka mmoja wa kujifunza Kituruki, ila kwa shahada ya kwanza uwe hujafikisha miaka 21. Serikali ya China nayo inatoa, na wengi wa shahada ya kwanza husoma kwa Kichina baada ya mwaka wa maandalizi. Mastercard Foundation wamekuwa wakisomesha vijana kupitia vyuo kama Makerere ya Uganda na Ashesi ya Ghana. Lakini piga hesabu: hizo zote zinakurudisha mwaka wa kwanza. Kama umeshakaa chuoni mwaka na nusu, je, uko tayari kuutupa? Ya nje isiyokuachisha chuo ni ya kubadilishana wanafunzi, mfano Erasmus+. Unakwenda Ulaya semesta moja na kurudi, mradi chuo chako kina makubaliano na chuo cha huko. Ofisi ya uhusiano wa kimataifa ndiyo inayojua, na wengi wenu hamjui hata iko jengo gani.

Kwa hapa Tanzania, mlango ambao kila mtu anaujua ni Bodi ya Mikopo, na huo ni mkopo. Ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi mpaka uishe. Sisemi msiombe, ombeni! Bumu, yaani posho ya kujikimu, la shilingi 10,000 kwa siku limewatoa watu wengi. Samia Skolashipu ndiyo isiyorudishwa. Imeanza mwaka wa masomo 2022/23, na inawahusu waliofaulu kwa kiwango cha juu kabisa masomo ya sayansi kidato cha sita. Benki Kuu nayo ina mfuko wa ufadhili wenye jina la Mwalimu Nyerere, unaowatazama wanafunzi wenye ufaulu mkubwa, wakiwemo wasichana wa hisabati na sayansi. Kama ulipasua mtihani wa kidato cha sita, anzia huko wala usipoteze muda kusoma hadithi yangu.

Mimi sikupasua. Nilifaulu vizuri, si kwa kutangazwa.

Baba ni mwalimu wa shule ya msingi, alistaafu mwaka niliomaliza kidato cha sita. Nilipochaguliwa chuo, baba mkubwa alikuja nyumbani Kilosa, akakaa sebuleni na kusema mbele ya watu kwamba tusijidhalilishe kuomba mkopo, yeye yupo. Mama alipiga vigelegele. Mwaka wa kwanza akalipa. Oktoba ya mwaka wa pili nikampigia simu kumkumbusha, akaniambia: "Mwanangu, ulipofika panatosha. Nami nina wangu." Dirisha la Bodi lilikuwa limeshafungwa. Ada ilikuwa milioni moja na ushee, na bila kulipa sehemu yake husajiliwi. Nasema wazi kwamba neno lile bado linaniuma, hata sasa ambapo tunasalimiana vizuri kwenye misiba.

Nikaomba kibarua kwenye steshenari iliyo karibu na geti la chuo. Kutoa kopi, kuskani, kuprinti, kujalidi ripoti. Pale ndipo nilipopata elimu ambayo hakuna semina iliyowahi kunipa, maana maombi ya ufadhili na mikopo ya chuo kizima yalipita mikononi mwangu.

Niliona watu wanavyoanguka kabla hata hawajashindanishwa. Cheti cha kuzaliwa kinasema jina hivi, cha kidato cha nne kinasema vile, na kitambulisho cha taifa cha NIDA kina jina la tatu ambalo hakuna anayejua limetoka wapi. Mtu anakuja siku ya mwisho, saa kumi jioni, ndiyo kwanza anagundua. Hati ya kiapo ya majina haipatikani saa kumi jioni. Uhakiki wa cheti cha kuzaliwa kwa wakala wa vizazi na vifo, RITA, hauishi kwa nusu saa. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa kasafiri, muhuri kaondoka nao. Nilikuwa nawaskania huku nawaonea huruma, kisha jioni nikirudi geto nakagua karatasi zangu moja moja. Baba akanipeleka kwa wakili, tukalinganisha majina yangu kabla sijajua naomba wapi. Nikawa na bahasha moja: vyeti, matokeo ya semesta, barua ya mtaa, barua ya kustaafu ya baba, picha ndogo. Tayarisheni bahasha. Nitalirudia hili mpaka mchoke: tayarisheni bahasha kabla ya tangazo.

Na tangazo lenyewe? Halikuwa na linki. Ilikuwa karatasi moja iliyobandikwa nje ya ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi, nusu yake imefunikwa na ratiba ya ligi ya mpira ya vitivo. Mfuko wa familia moja ya wafanyabiashara ulikuwa unatafuta wanafunzi wachache wa mwaka wa pili na wa tatu wenye shida ya ada. Niliambiwa baadaye kwamba walioomba hawakufika hata idadi ya kujaza basi. Chuo chenye maelfu ya watu wanaolia ada! Kila siku walipita pale wakielekea kantini, macho kwenye simu.

Walitaka barua ya mhadhiri. Nikamwendea mmoja niliyempenda sana, nakaa mstari wa mbele kwenye vipindi vyake. Akatazama wastani wa alama zangu, GPA ya 3.6, akacheka. "Ufadhili ni wa watu wa nne nukta nne, binti. Usinichoshee peni." Wanafunzi wengine walikuwa wamesimama mlangoni, wakasikia. Niliondoka nimeinama. Lakini 3.6 ni daraja la pili la juu, na tangazo lilisema kuanzia 3.5. Mimi nilisoma, yeye hakusoma.

Siku ya pili nikaenda kwa mhadhiri mwingine, mama mmoja mkali ambaye tulikuwa tunamkwepa. Sikwenda mikono mitupu. Nilimpelekea ukurasa mmoja: alama nilizopata kwenye somo lake, kazi ya kikundi niliyoiongoza, mfuko unatoa nini, mwisho wa kutuma ni lini. Akasoma amesimama, akaniuliza maswali mawili, akasema nirudi Alhamisi. Barua ilikuwa imegongwa muhuri. Mhadhiri mwenye wanafunzi mia tatu hakukumbuki, ndugu yangu, hata ukikaa mstari wa mbele. Mpe cha kuandika.

Sasa barua yako wewe. Hapa ndipo nataka mnisikilize. Barua nilizoprinti pale steshenari zilikuwa kama zimetoka mdomo mmoja: natoka familia duni, wazazi wangu ni wakulima wa jembe la mkono, naomba mnihurumie, Mungu atawalipa. Yote ni kweli, sikatai. Lakini anayesoma rundo la barua zinazolia sawasawa atachaguaje? Rasimu yangu ya kwanza nayo ililia hivyohivyo. Niliichana, nikaandika hesabu. Ada ni kiasi hiki. Kibarua kinanipa kiasi hiki kwa mwezi, kodi ya chumba na chakula vinachukua kiasi hiki, baba ameahidi kiasi hiki kutoka kwenye pensheni. Pengo ni shilingi kadhaa, na ndilo ninaloliombea. Kisha aya moja kuhusu ninachosoma na nilichokifanya kwa mikono yangu, aya moja ya shukrani, sahihi. Ukurasa haukujaa.

Kwenye usaili mzee mmoja aliinua barua ile akaniuliza, "Nani alikufundisha kuandika pengo?" Nikasema nimekaa dukani. Wakacheka. Halafu akauliza swali lililowaliza wenzangu: "Tusipokupa?" Nikamwambia nitaahirisha mwaka, nifanye kazi, nirudi, fomu ya kuahirisha ninayo kwenye begi. Nikaitoa. Kweli nilikuwa nayo, kwa sababu sikuwa nimebakiwa na njia nyingine. Walinipa ada ya miaka yote miwili iliyobaki.

Vijana wenzangu, na hasa wadogo zangu wa kike, acheni kusubiri kuokolewa. Hakuna mjomba, hakuna baba mkubwa, hakuna mbunge. Mnaamka saa nne, mnaingia mtandaoni kuuliza "kuna fursa?", mnalala. Someni ubao wa matangazo. Someni masharti mpaka mstari wa mwisho. Waulizeni waliotangulia kwenye kozi zenu nani aliwalipia. Ofisi ya kitivo ina zawadi za wanafunzi bora wa masomo, kiasi kidogo, ila kinalipa kodi. Kanisa lako, msikiti wako, halmashauri ya kwenu, umewahi kuwaandikia? Barua rasmi, yenye pengo? Najua naonekana nahubiri. Nahubiri kweli.

Na yeyote anayekuomba utume pesa kwa simu ya mtu binafsi ili "usajiliwe kwenye ufadhili", huyo ni tapeli. Ada ya maombi ya Bodi, ile shilingi 30,000, inalipwa kwa namba ya malipo ya serikali inayotoka kwenye mfumo wenyewe, haiendi kwa jina la mtu. Pale steshenari alikuja binti kaliwa laki na nusu kwa ahadi ya kupelekwa Kanada. Alitaka kuprinti barua ya kukubaliwa iliyoandikwa na tapeli wake, imejaa makosa ya herufi. Sikujua nimwambieje. Nilimprintia, sikumtoza.

Ukishapata, kazi haijaisha. Wafadhili wengi wanaweka kiwango cha GPA, ukishuka wanakata, kwa hiyo sapu moja, yaani mtihani wa kurudia, inaweza kukugharimu ada ya mwaka mzima. Pesa huchelewa pia. Awamu ya kwanza yangu iliingia wenzangu wakiwa kwenye majaribio, na usajili niliupata kwa barua ya ahadi kutoka kwa mfuko, iliyopelekwa kwa mhasibu wa chuo. Iombeni barua hiyo siku mnayosaini mkataba. Kama una mkopo wa Bodi halafu ukapata ufadhili, mwone afisa mikopo wa chuo mapema, msome masharti ya pande zote mbili pamoja.

Halafu toeni taarifa hata kama hamjaombwa. Kila mwisho wa semesta niliwapelekea kurasa mbili: matokeo, risiti ya ada, na nilichojifunza. Sekretari wa mfuko aliniambia ni mimi tu niliyekuwa nafanya hivyo. Mwaka wa tatu walinilipia na gharama za mafunzo kwa vitendo, ambazo hazikuwemo kwenye mkataba.