Chupa ya kunyunyizia au chupa ya matone? Pima kwanza kinachotoka

Mwenzetu ameuliza kama anunue chupa za matone au zile za kunyunyizia zenye shingo nyembamba mithili ya mrashi, kwa sababu Old Fashioned (kokteli ya wiski, sukari na pombe chungu) anayoitengeneza leo hailingani na ya juzi, ilhali kila mara anatia minyunyizo miwili ya Angostura, ile pombe chungu ya viungo inayotiwa kidogo kidogo kuongeza ladha. Nimetumikia kaunta ya baa hotelini kwa miaka mingi, na ninaamini kinachomsumbua ni kutojua mnyunyizo wake mmoja ni kiasi gani, chupa iwe ya aina yoyote.

Chupa ya Angostura ina kizibo cha plastiki chenye tundu dogo, na hewa huingilia humo humo kinamotokea kinywaji. Chupa ikiwa imejaa, hewa iliyomo ni haba, hivyo kinywaji huzuilika na mnyunyizo huwa mdogo. Ikishafika nusu, mkono ule ule hutoa kingi zaidi. Kwenye vitabu vya kokteli mnyunyizo hukadiriwa kuwa karibu mililita 0.9, lakini chupa nyingi za mtindo wa Kijapani, zile zenye shingo nyembamba, hutoa pungufu ya hapo.

Nunua bomba la sindano la mililita 10 duka la dawa, lisilo na sindano. Nyunyizia mara 10 ndani ya kiglasi kikavu, ukiigeuza chupa kichwa chini kabisa na kuitikisa kwa mkato mmoja kila mara, kisha vuta yote na usome. Ukipata mililita 6, kila mnyunyizo wako ni 0.6, kwa hiyo palipoandikwa miwili wewe utie mitatu. Rudia kipimo hicho chupa ikiwa nusu, halafu uamue kiwango ambacho hutairuhusu ishuke kabla ya kuijaza tena. Hili la kujaza mapema ndilo ninalolisisitiza zaidi kwa vijana ninaowafundisha.

Chupa ya matone ninaipenda kwa maji ya chumvi (gramu 20 za chumvi kwa gramu 80 za maji) na kwa maji ya maua ya mchungwa, ambayo yakizidi kidogo tu huharibu kinywaji chote. Ile hesabu ya matone 20 kwa mililita ni ya maji. Angostura ina alkoholi asilimia 44.7, na matone yake huwa madogo zaidi, kwa hiyo usiihamishe hesabu hiyo bila kupima upya.

Absinti (pombe kali yenye ladha ya anisi) ya kokteli ya Sazerac, ambayo hupakwa tu ndani ya glasi, mimi huipuliza ndani ya glasi kwa kichupa cha kupulizia, badala ya kusuuza na kumwaga kinachobaki.

Ukiamua kununua za matone, usizilaze zikiwa na pombe kali, kwa maana mpira wa juu huvimba, na harufu yake huhamia kwenye kinywaji.