Fundi Anajibu: Dizeli ya zamani inayogoma kuwaka baridi ikikaza

Swali: Shikamoo fundi. Nina Dodge Ram 2500 ya mwaka 1999, injini ya Cummins lita 5.9 yenye valvu 24. Naishi Fargo, North Dakota. Tangu baridi ianze, kila asubuhi napiga stata mpaka naihurumia. Moshi mweupe unajaa uani, halafu injini inashika kwa shida huku inatetemeka. Taa ya kusubiri kwenye dashibodi inawaka na kuzima kama zamani. Nimeshanunua betri mbili mpya na hali ni ileile. Nyumbani Arusha nilikuwa naendesha Land Cruiser ya 1HZ, na ikigoma hivi tulikuwa tunaangalia plagi za hita. Kwenye hii nimezitafuta sizioni. Jirani amenipa kopo la etha, ile dawa ya kushtua injini, nipulizie kwenye njia ya hewa. Nifanyeje? *Msomaji, Fargo*

Jibu: Marahaba. Kabla ya lolote, hilo kopo mrudishie jirani leo hii. Nakuomba sana. Hita ya injini yako imekaa ndani ya njia ya hewa yenyewe, na ukipuliza etha mvuke wake unakutana na chuma cha moto kabla haujafika kwenye silinda. Unalipukia humohumo kwenye manifoldi, yaani bomba linalogawa hewa kwa silinda. Karakanani kwetu hapa Minneapolis imewahi kuletwa gari la namna hii likiwa na mdomo wa hewa wa aluminiamu uliopasuka vipande, na mwenyewe alikuwa amesimama juu ya injini kopo likiwa mkononi. Wala usijiambie kwamba hita imekufa kwa hiyo hakuna hatari. Hita ina nyaya mbili za kupasha na kila moja ina rilei yake, yaani swichi ya umeme inayoamriwa na kompyuta. Moja yaweza kuwa nzima, na rilei inayoanza kufa hushika leo ikagoma kesho.

Plagi za hita huzioni kwa sababu hazimo. Ile 1HZ yako hunyunyiza dizeli kwenye chumba kidogo pembeni ya silinda, ndiyo maana kila silinda ina plagi yake, sita kwa jumla. Cummins hunyunyiza moja kwa moja juu ya kichwa cha pistoni. Badala ya kupasha chumba, inapasha hewa inayoingia, kwa kipande cha chuma chenye utepe uliojikunja kama waya wa jiko la umeme, kilichobanwa kwenye mdomo wa manifoldi. Hewa ya kwenye manifoldi ikiwa juu ya nyuzi 15 hivi za Selsiasi, kompyuta haiiwashi kabisa. Ndiyo sababu kiangazi chote gari lako lilikuwa zuri.

Huo moshi mweupe ni dizeli isiyoungua, kwa hiyo mafuta yanafika kwenye silinda na betri zako zinazungusha vizuri. Kinachokosekana ni joto. Taa ya kusubiri isikudanganye: inakwenda na muda uliowekwa na kompyuta. Haijui kama umeme umefika kwenye hita au umeishia kwenye rilei.

Rilei zenyewe ziko upande wa dereva, kwenye bodi ya ndani ya tairi, chini ya betri ya kushoto. Ni mahali pabaya. Mvuke wa asidi unazishukia kutoka juu, na chumvi ya barabarani inazirukia kutoka chini. Vua kofia za mpira utakuta nati zimeota ukoko wa kijani na mweupe. Wakati mwingine huo ukoko ndio ugonjwa wote, rilei haina kosa.

Pima asubuhi kabla jua halijatoka, gari likiwa limelala nje, maana likiwa na joto hita haitaitwa. Chukua mita ya kawaida, weka kwenye volti. Kila rilei ina bolti mbili kubwa na vituo viwili vidogo. Kwanza hakikisha bolti inayotoka betri ina volti 12 na zaidi kidogo ukipima na hasi ya betri. Kama haina, waya wa usalama ulioko njiani, unaofanya kazi ya fyuzi, umeungua, na rilei mpya haitasaidia kitu. Kama ipo, weka ncha za mita kwenye bolti mbili kubwa za rilei ileile. Ufunguo ukiwa umezimwa utasoma karibu volti 12. Mwambie mtu awashe ufunguo bila kupiga stata. Rilei nzima italia “ta!” na mita itaanguka karibu na sifuri. Ikilia na mita ikabaki kwenye 12, sahani za shaba zilizomo ndani zimeungua. Ikilia na mita ikasimama kwenye 1 au 2, zimeungua nusu: hita inapata umeme lakini haushibi, na rilei inajipasha yenyewe badala ya kupasha hewa. Isipolia kabisa, hamishia ncha kwenye vituo viwili vidogo, uwashe tena. Volti 12 zikiwepo na rilei kimya, koili yake imekatika, yaani waya wa ndani unaoivuta ishike. Zisipokuwepo, usinunue rilei. Fuata waya mwembamba kuelekea kwenye kompyuta.

Usihangaike kupima ukinzani wa hita kwa mita ya kawaida. Ukinzani wake ni mdogo mno, nyaya za mita zenyewe zitakuharibia kipimo. Kama unaweza kuazima mita ya kubana waya, kila upande wa hita unapaswa kuvuta ampea 95 hivi. Jumlisha pande mbili uone ni mzigo gani: karibu ampea 190. Ndiyo maana nasisitiza jambo linalofuata.

Gari lako lina betri mbili zilizoungwa sambamba. Ukitoa hasi ya betri moja tu, zile bolti za rilei bado zina moto wote wa betri ya pili. Toa hasi zote mbili, uzifunge kitambaa zisirudi kugusa. Vua saa na pete. Spana ikigusa bolti ya rilei na bodi kwa wakati mmoja itajichomelea hapohapo.

Inua betri ya kushoto uitoe ili mkono upate nafasi. Piga picha ya nyaya kwa simu, kisha uzifunge alama. Nati zikiwa na kutu, zipulizie mafuta ya kulegeza na uzipe muda. Ukifungua, angalia bolti yenyewe isizunguke na nati, hasa ukirudi kufunga kwenye rilei mpya. Bolti ikizunguka, ile sahani ya ndani inapinda na umeua kifaa kabla hakijafanya kazi. Vichwa vya nyaya visugue kwa brashi ya waya mpaka shaba ing'ae. Kichwa kilichoungua kikawa cheusi mpaka ndani, kikate ufunge kipya. Kaza kwa kiasi, paka grisi ya umeme juu, rudisha kofia za mpira.

Kwenye kununua, dukani wanaweza kukupa solenoidi ya stata kwa kuwa inafanana na ni rahisi. Ikatae. Ile imetengenezwa kubeba umeme kwa sekunde chache za kupiga stata, ilhali hita hukaa imewashwa muda mrefu zaidi na hurudi kuwashwa baada ya injini kushika. Taka rilei ya hita ya gari hilihili, na mimi hubadilisha zote mbili kwa pamoja. Zina umri mmoja na zimekula chumvi moja.

Na ile plagi ya umeme ya kupasha bloku, inayoning'inia mbele ya gari, ichomeke usiku. Ni wati 750 kwa umeme wa volti 120. Kwa baridi ya Januari ya huko kwenu, hita ya hewa peke yake ina kazi nzito mno.

Msomaji huyohuyo ameandika tena: Fundi, Mungu akubariki. Rilei moja ilikuwa haishiki kabisa, nyingine ilisoma volti 2. Nimebadilisha zote na sasa gari linawaka kwa stata fupi. Ila injini ikiwa imeshika, taa za mbele zinafifia na sindano ya volti inashuka, inapanda, inashuka tena. Rafiki yangu anasema altaneta imekufa.

Jibu: Altaneta usiiguse. Hiyo ni hita inafanya kazi yake. Injini ya baridi ikishika, kompyuta huendelea kuiwasha na kuizima kwa awamu ili moto ndani ya silinda utulie na moshi upungue. Kila ikiwashwa, zile ampea zote zinavutwa na sindano inashuka. Ukianza kutembea, au injini ikipata joto, itaacha. Zamani ulikuwa huioni kwa sababu rilei moja ilikuwa imekufa na nyingine inapitisha kwa shida.

Kisicho cha kawaida ni sindano kushuka na kubaki chini hata injini ikiwa ya moto, au nyaya nene za rilei kuwa za moto baada ya kuzima gari. Hapo sahani za ndani zimegandana na hita haizimiki. Betri zitalala, na nyaya zinaweza kuwaka moto. Ukiona dalili hiyo toa hasi za betri zote mbili palepale, hata kama uko njiani. Na leo jioni ukifika nyumbani, zima gari, usubiri dakika chache, kisha pima bolti ya kila rilei inayokwenda kwenye hita kwa kulinganisha na hasi ya betri. Lazima isome sifuri.