Michoro ya ukutani mtaani: anzeni na mwenye ukuta, rangi baadaye

Ndugu, nimesoma swali lako lote. Kikundi chenu cha vijana hapo Kayole kimepata mfadhili wa rangi, mnataka kuchora kuta za barabara inayoingia sokoni, na sasa mmegawanyika. Wengine wanasema michoro itauchangamsha mtaa, wengine wanasema ni kuupaka umaskini poda. Tena mnataka kumchora rafiki yenu aliyefariki mwaka jana. Mimi nachora kuta Nairobi tangu ujana, kazi nyingi nimezifanya Kibera na Mathare, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Huyo anayesema habari ya poda msimpuuze, maana michoro ya aina hiyo ipo. Shirika moja liliwahi kuja mtaani kwetu na mchoraji kutoka ng'ambo. Wakachora uso wa mtoto anayecheka, ukuta mzima, kazi safi ya mkono. Lakini mama anayeuza omena chini ya ukuta ule aliambiwa tu ahamishe meza yake mpaka wamalize, na wateja wake wakahamia kwingine. Mwenye nyumba naye alipewa habari, hakuombwa. Masika hayajaisha, akaongeza chumba upande ule na mtoto akafunikwa kwa mabati. Hakuna mtu mtaani aliyelalamika, na mimi naona walikuwa na haki ya kunyamaza.

Sasa linganisheni na alichokifanya JR, msanii Mfaransa, pale Kibera mwaka 2009. Alitandaza picha kubwa za nyuso na macho ya wanawake wa hapo juu ya mapaa, kama mita za mraba 2,000. Alizichapa kwenye plastiki isiyopitisha maji, kwa hiyo aliyekubali paa lake litumike alipata na kinga ya mvua. Akabandika macho kwenye mabehewa ya treni, na sehemu ya chini ya nyuso akaiweka kwenye mteremko chini ya reli, treni ikipita uso unakamilika kwa sekunde chache halafu unaachana. Lile la treni lilipendeza sana, lakini la paa ndilo ninalowasimulia vijana kila mara. Aliyetoa nafasi alipata kitu.

Na Solomon Muyundo, yule anayejiandika Solo7, hakuhitaji hata mitambo. Katika ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 alizunguka Kibera na brashi akiandika "Keep Peace" na "Peace Wanted Alive" kwenye kuta, vibanda na mabati, hata pale palipochomwa moto. Herufi tupu, hazina kivuli wala pambo. Lakini alikuwa mtu wa pale pale, na aliandika wakati wenyewe majirani wakiogopana. Mwaka 2020 pia, corona ilipoingia, wachoraji wa Kibera na Mathare walijaza kuta barakoa na mikono inayonawa. Mwezi Juni mwaka huo Allan Mwangi, anayejulikana kama Mr. Detail.Seven, akachora Kibera uso wa George Floyd, yule aliyeuawa na polisi, na neno HAKI. Mtu wa Marekani kweli, lakini anayeishi Kibera na kuwajua polisi wa huku hakuhitaji kuelezwa.

Kuhusu rafiki yenu, hapo nitakaa kidogo. Msiguse ukuta kabla ya kwenda kwa mama yake, na muende na mtu mzima anayeheshimika, si kundi zima mlangoni. Muulizeni kama anataka, na kama anataka, iwe wapi. Kuna mama atakayependa mwanawe aonekane kila asubuhi anapokwenda kazini. Kuna mwingine atakayelazimika kuzunguka njia nyingine ili asimwone. Wote wawili wana haki, na jibu lake ndilo la mwisho.

Nilipomchora kijana mmoja Mathare, mama yake aliketi kwenye kiti cha plastiki nyuma yangu. Nilikuwa nimenakili picha ya kitambulisho, na wote tunajua sura zetu za kitambulisho zilivyo. Akaangalia muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu, hakuwa mkali hivyo. Hapa mdomoni mlegeze kidogo." Nikatia rangi nyepesi kwenye pembe ya mdomo, chini ya shavu nikapunguza kivuli. Akasogea karibu, akasema sasa ni yeye. Dada zake wakaja, kila mmoja na lake: nyusi, kovu la utotoni juu ya jicho. Ukuta ule mpaka leo haujabandikwa bango la kampeni hata moja, na bango katika mtaa ule halina adabu kwa ukuta wowote. Kwa hiyo ombeni picha zaidi ya moja, na moja iwe anacheka.

Nikirudi kwenye ukuta wenyewe: lipu mpya iacheni kama siku 28 ikauke, la sivyo chumvi nyeupe itatoka na kusukuma rangi. Ukuta wa zamani usugueni kwa brashi ya waya, kisha praima, ile rangi ya kwanza ya kushikilia nyingine. Mabati mapya ni mtego, kwa sababu rangi ya mafuta ikikutana na zinki hutengeneza kitu kama sabuni chini yake, na baada ya miezi inabanduka vipande vizima. Yaosheni kwa siki na maji, mtumie praima ya mabati, au mchague mabati yaliyokwisha kupigwa na mvua hadi yakapoteza mng'aro. Chini, mpaka magotini, pakeni mkanda wa rangi ya giza kwa ajili ya matope.

Rangi za kupuliza zisiwamalizie pesa. Kopo la mililita 400 halifiki mbali. Mandharinyuma fanyeni kwa emalshoni, yaani rangi ya maji, na rola (lita moja huenda kama mita 10 za mraba mkono mmoja, ukuta mbovu hunywa zaidi), kopo libaki kwa mistari na vivuli. Kuta zinazotazama mashariki na magharibi huchomwa sana na jua la huku, na manjano ya bei rahisi hupauka kwanza. Nyekundu ya udongo hudumu.

Nembo ya mfadhili iwe ndogo au isiwepo kabisa. Kanjo, yaani askari wa kaunti, wakiona nembo wataiita tangazo na kudai ada, na mtaa nao utaiita tangazo. Ruhusa ya mwenye ploti iwe ya maandishi, na mama mboga wa mbele ya ukuta alipwe siku atakazosogea. Hiyo iingie kwenye bajeti kabla ya rangi.

Nipe urefu na kimo cha ukuta, useme unatazama upande gani na kama ni lipu, mabati au udongo, nikupigie hesabu ya makopo. Na hapo kwa mama, nendeni wiki hii.